Tumbo la Mbwa Wetu Lilipopigwa Picha

Mji wetu wa Uvira ni mwembamba. Mtu akilala akanyoosha miguu, kichwa kinagonga mlima na vidole vinalowa ziwani. Ndiyo maana vita vikija hatuna pa kwenda ila kaskazini, hadi mpakani Kavimvira, tuvuke Burundi tukae huko mpaka risasi zichoke. Mimi nimevuka mpaka ule mara nyingi kuliko afisa wa forodha anayelipwa kuusimamia. Mti wa pale mpakani ungekuwa na miguu ungekuwa umeshapewa kadi ya ukimbizi.

Katika avenue yetu, yaani mtaa wetu, tulikuwa na desturi moja. Anayekimbia humwachia ufunguo anayebaki, na ufunguo haupeanwi mtupu. Hufungwa katika kitambaa pamoja na chumvi ya jikoni kwako, na anayepokea hulamba chumvi hiyo kidogo mbele ya macho yako. Hakuna aliyetufundisha maana yake, lakini hata mtoto anaijua: umelamba chumvi ya nyumba hii, huwezi tena kuiibia.

Aliyelamba chumvi yangu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi baiskeli, mtu mwenye kifua kama pipa na kicheko cha kuamsha samaki. Ndiye aliyembeba mtoto wangu wa kwanza siku ya ubatizo. Mimi nilimwita Yaya, yaani kaka mkubwa, maana alinizidi umri. Yeye aliniita Bwana Diplome, kwa sababu diploma yangu niliipata shule ya jioni, masharubu yakiwa yameshaanza mvi, dawati moja na kijana ambaye baba yake nilimfundisha kuogelea. Siku matokeo yalipotoka, Yaya alinipandisha kwenye kerieri ya baiskeli akanizungusha mji mzima akipiga kengele. Nasema mji mzima. Mke wangu anasema ilikuwa hadi sokoni tu. Mke wangu hapendi hadithi ziwe na mabawa.

Yaya hakuwa mtu wa kukimbia. "Minye sikimbiye," alikuwa akisema. "Vita ikitaka baiskeli itengenezwe, itanikuta hapa."

Basi vile vita vilipokuja kutoka bonde la Ruzizi, watu wa Runingu na Mutarule wakipita mbele ya nyumba zetu na magodoro kichwani, nilifunga ufunguo na chumvi, nikampelekea. Nilimwachia na mbwa wangu. Nilimwachia na mbuzi wanne, majike matatu na beberu mmoja mwenye pembe ambazo, bila kuongeza chumvi, zingeweza kushika antena ya redio. Kwetu mbuzi hulishwa pamoja, wanazurura ufukweni wakitafuta maganda ya ndizi, na ili wasichanganyike kila nyumba huwatoboa sikio na kuwatia kamba yake. Ya kwetu mke wangu aliisuka mwenyewe: uzi wa buluu kutoka nyavu kuukuu za ndagala, dagaa wa ziwa letu, na uzi mwekundu kutoka mifuko ya vitunguu. Ya beberu aliifunga mafundo mawili, kwa heshima ya ubaba wake.

Yaya alilamba chumvi. "Nenda salama, Bwana Diplome. Hata kuku wa jirani wa jirani hatapotea."

Tulikaa ng'ambo muda mrefu. Mama yangu tulimpeleka kwa baiskeli, maana magoti yake yalikuwa yameshakataa kazi, na huko kambini yakavimba kama maboga. Habari zilipotufikia kwamba mji umetulia, nilimpigia Yaya simu.

"Tunarudi Jumamosi."

Kimya kidogo. Halafu: "Jumamosi hii? Karibuni! Nitawapikia nyama mpaka mutasahau hema!"

Nilidhani ule ukimya ni mtandao.

Jumamosi tulimkuta amesimama barabarani. Alinikumbatia akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kwenye paji la uso alikuwa na jeraha lililoanza kukauka.

"Mbuzi, ndugu yangu," akasema. "Mbuzi walibebwa."

Alitueleza tukiwa bado hatujatua mizigo. Askari walikuja siku za kwanza kabisa, wakawafungua mbuzi wote wanne, wakawaswaga wakiwa hai kuelekea barabara ya mlimani, mbuzi wakilia kama watu. Yeye aliwafuata hadi kwenye mto unaokata mji wetu akiwasihi. Baada ya hapo hawakumgusa tena, alisema, ila juma lililopita mmoja wao alirudi kutafuta baiskeli. Yaya akamkumbusha wale mbuzi, na yule akamjibu kwa kitako cha bunduki. Ndilo hilo jeraha. Mke wangu alilia. Mama alimshika mkono akaubusu.

Kisha tukaketi kula. Meza ilikuwa na sinia ya nyama ya mbuzi, mchuzi wake unang'aa mafuta, na bugali mweupe kama Jumapili. "Huyu nilimununua kule Lubarika kwa ajili yenu," Yaya akasema, na padri mwenyewe asingebariki chakula vizuri zaidi ya alivyokibariki. Tulikula kama watu waliotoka kambini. Mbwa wangu alikuwa chini ya meza, amenenepa, manyoya yanang'aa, na mimi kwa furaha nikawa namtupia mifupa. Yaya naye akamtupia. Akachukua hata yale mabaki ya kichwa jikoni, akampa yote. "Mulinzi naye akule," alisema. "Amefanya kazi kunizidi."

Siku zile nilimjenga Yaya jina. Nilisimulia kisa chake sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Askari mmoja nikamfanya saba. Kitako cha bunduki kikawa bunduki yenyewe iliyovunjika kwenye paji lake. Watu walianza kuja kwenye kibanda chake kutazama lile jeraha, na yeye alikuwa akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Bwana Diplome iko anazidisha," alikuwa akisema. Nami nilimpenda zaidi kwa kukataa sifa.

Kwa hiyo Mama alipotoa uamuzi wake, hakuna aliyempinga. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Minye siondoke tena," alisema. "Vita ikirudi, ninyi muende na watoto. Minye nitabaki kwa huyu mutoto wangu wa pili."

Yaya alikuwa pale. Alijipiga kifua. "Mama, muntu akikugusa, atanikanyaga kwanza."

Na vita vilikuwa vinarudi. Kila asubuhi kulikuwa na godoro jipya kichwani kwa mtu kutoka bondeni. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu moyoni: watoto mkono huu, vyombo mkono ule, na Mama kwa Yaya. Nilikuwa nalala usingizi mzuri kwa sababu ya hesabu hiyo.

Hapo ndipo mbwa alipoanza kujikunja.

Alikuwa anachuchumaa nyuma ya choo, anajikaza mpaka macho yanamtoka, na hakitoki kitu ila ute na damu kidogo. Halafu akaacha kula. Halafu akaanza kutapika. Huyu ni mbwa ambaye, akibweka, mawimbi yalikuwa yakigeuka kurudi Burundi. Sasa alikuwa anakoroma tu kama mlango mbovu. Watoto walikuwa wamemlilia kambini kila jioni. Sikuwa tayari kuwaambia kwamba alivumilia vita ili afe kwa kukosa choo.

Mjini tulikuwa na munganga wa nyama, ndivyo tunavyomwita daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kanali. Alikuwa na mashine ndogo ya ekografi, ya kuangalia ng'ombe wa bondeni kama wana mimba. Lakini ng'ombe walikuwa wamekimbizwa au wameliwa, na mashine ikabaki inatazama mbwa na paka. Yaya aliposikia tunakwenda, alikuja mbio. Alimbeba mbwa mwenyewe mikononi, njia nzima, kama mama anayepeleka mtoto kwenye chanjo.

"Nimemulisha miezi hii yote," alisema. "Iko kama mutoto wangu."

Daktari alimbonyeza mbwa tumbo, akakunja uso. "Kuna kitu kigumu mu utumbo mukubwa. Musaidizi wangu alishakimbia, basi ninyi wababa wawili mutanisaidia."

"Utamupasua leo?" nikauliza.

"Papa, weye unaingia nyumba ya muntu bila kubisha? Minye sipasue tumbo sijaliona. Mulaze chali."

Tulimlaza katika kihori cha mbao kilichofunikwa blanketi. Yaya alishika miguu ya mbele na kichwa, mimi ya nyuma. Daktari alimnyoa tumbo kwa wembe mpaka likawa jekundu kama la mtoto mchanga, akawasha jenereta, akampaka jeli baridi. Mbwa alinitazama kwa aibu. Kwenye kioo kidogo, kisichozidi kiganja, pakawaka theluji ya kijivu. Nilisema kwamba naona barabara ya Bukavu wakati wa mvua.

"Nyamaza, Papa. Hapa ni kibofu, huo weusi ni mukojo. Utumbo mukubwa unapita hapa juu yake, njo nanzia hapa kila mara nisipotee." Alisogeza kifaa taratibu, huku akikibonyeza ili kusukuma hewa pembeni; hewa, alisema, ndiyo adui wa kazi ile, picha haivuki hewa. "Sasa tazama. Unaona ukuta wa utumbo? Iko na tabaka, kama kitunguu. Umevimba, lakini tabaka bado zinaonekana moja moja. Ingekuwa uvimbe mubaya, zingechanganyika zote zikawa uji. Na pembeni hakuna maji. Maana yake haujatoboka."

"Basi hakuna shida, Docta?" Yaya akauliza.

"Ngoja." Kifaa kilisimama. Kwenye kioo palikuwa na mistari mifupi myeupe, imepangana ovyo, na chini ya kila mmoja kivuli cheusi, kama nguzo za umeme wakati wa jua kali. "Hiyo yote ni mifupa. Alikula mbuzi muzima huyu? Mifupa imekwama ikajipanga kama kuni."

Nilicheka. "Ni sherehe ya kutukaribisha, Docta. Ni mimi nilimtupia."

"Basi weye njo mugonjwa, si yeye." Akasogeza tena. Akarudi nyuma. Akarudia mara nyingine. "Na hii je? Kitu kirefu, chembamba, kinang'aa. Kinapita katikati ya mifupa kama mushipi. Hii si mufupa."

Yaya alijibu kabla yangu. "Ni uzi wa gunia, Docta. Mbwa iko anakula kila kitu."

"Uzi ni mubaya kuliko mufupa. Utumbo ukijikunja juu ya uzi, unakatwa kama sabuni. Ningejaribu maji ya vuguvugu kwanza, lakini hii imekwama sana. Ukuta bado ni muzima leo. Kesho sijui. Tunapasua sasa."

"Lakini Docta," Yaya akasema, na paji lake lilikuwa linatoka jasho pembeni mwa kovu, "kwa nini kumutesa? Tumurudishe nyumbani. Minye nitamunywesha mafuta ya mawese, itamufungulia. Nilishafungulia mbwa wengi vile."

"Ukimunywesha mafuta atakufa na tumbo laini. Chagueni."

Yaya alinigeukia. "Bwana Diplome, mbwa ni mbwa. Amezeeka. Muache apumzike kwa amani."

Mtu aliyembeba mikononi njia nzima. Nilidhani ni huruma. Nilimwekea mkono begani, nikamwambia, "Yaya, moyo wako ni laini mno kwa vita hivi." Kisha nikamwambia daktari apasue.

Sitasimulia upasuaji, maana nusu yake nilifumba macho, na nusu nyingine nilikuwa nasali kwa watakatifu wengine ambao hata hawajazaliwa. Najua tu kwamba daktari alifunga tumbo lote kwa vitambaa vilivyochemshwa ili uchafu usimwagike, akakata mahali pale pale mashine ilipomwonyesha, na akaanza kutoa. Mifupa ililia ndani ya bakuli la chuma, moja baada ya nyingine. Mwishowe akashika ncha ya kitu kwa koleo, akavuta polepole, akakisuuza, akakilaza juu ya kitambaa cheupe.

Buluu na nyekundu. Imesukwa. Mafundo mawili.

"Mh," daktari akasema, akianza kushona. "Alimeza sikio na kamba yake. Na mifupa hii iko mipya, Papa. Juma hili ao lile lililopita, isizidi hapo."

Hakujua alichosema. Alikuwa anatazama sindano yake. Mimi nilitazama kile kitambaa, halafu nikainua macho. Yaya alikuwa bado ameshika kichwa cha mbwa kwa mikono yote miwili, anakitazama kichwa kile kama kwamba kitamwambia la kusema.

Hesabu ilijipanga yenyewe bila mimi kuiita. Mbuzi waliobebwa hai siku za kwanza hawaachi masikio. Beberu wangu alikuwepo wakati nilipopiga simu. Beberu wangu alikuwa pale, labda ametandaza miguu nyuma ya kibanda anacheua, wakati mimi nasema tunarudi Jumamosi. Ni kurudi kwetu kulikomchinja. Na tulikaa mezani, tukambariki, tukamla, tukamsifu mwenyeji kwa mchuzi. Mama alibusu ule mkono.

Tulimbeba mbwa kwenye blanketi, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili, bado amelewa dawa, ulimi nje. Tulipofika karibu na mto, nilisimama.

"Wale wengine watatu?"

"Njaa, Bwana Diplome. Baiskeli hakuna aliyeleta. Jike la kwanza nilimuchinja watoto wakilia."

"Ungeniambia. Ningekwambia chinja wote! Ningekwambia ukitaka nilie nitalia, lakini chinja!"

"Njo vile unasema leo."

"Na yule beberu? Njaa pia?"

Akatazama maji. "Nilikuwa nimeshapanga kuwaambia mbuzi walibebwa. Ulipopiga simu bado mumoja alikuwa anatembea. Ningemuweka wapi?"

"Na lile jeraha?"

"Alinipiga pembe," akasema. "Alijua."

Siku nyingine yoyote ya maisha yangu ningeanguka chini kwa kucheka. Beberu wangu, mwenye pembe za antena, alikuwa askari wa pekee katika hadithi ile yote, na mimi ndiye niliyekwenda kumtangaza muuaji wake kanisani.

"Yale machozi barabarani," nikamwuliza. "Uliyatoa wapi?"

"Yale yalikuwa ya kweli. Niliwaona mumekonda."

Nilimwamini. Hicho ndicho kilichoniuma, na bado kinaniuma. Angekuwa mwizi kamili ningejua pa kumweka. Lakini alitulilia kweli, akatulisha vya kwetu kweli, akampenda mbwa kweli, na pale mashine ilipoona ile kamba, alikuwa tayari mbwa huyo afe ili kamba izikwe naye. Yote hayo ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye niliyemkabidhi mama yangu.

Mama nilimweleza jioni ile. Alisikiliza mpaka mwisho, miguu kwenye beseni. Hakulaani. Aliuliza tu, "Ile nyama ilikuwa na chumvi ya kwetu?"

"Sijui, Mama."

"Ilikuwa tamu," akasema. Kisha: "Baiskeli yako iko na upepo?"

Vita vilifika mbwa alipokuwa ameshatolewa nyuzi, anakwenda choo kama mbwa wa serikali. Watu wote wa avenue walikuwa nje, wanafunga, wanaitana. Nilimpandisha Mama kwenye kerieri, nikamfunga kwa kitenge kiunoni pangu. Mama yangu ni mzito. Nikisema kwamba nilikuwa nasukuma milima yote ya Mitumba juu ya magurudumu mawili, mara hii hata mke wangu hapingi. Yaya alikuwa amesimama kwenye lango lake. Jeraha lilikuwa limeshapona, limebaki kovu. Alinyoosha mkono wazi, kama desturi.

"Ufunguo, Bwana Diplome?"

Nilikuwa nao mfukoni. Nilipitiliza. Ndani hamkuwa na kitu cha kuibiwa, na yeye alijua hivyo. Mkono wake ulibaki hewani, wazi, mbele ya majirani wote niliowasimulia ushujaa wake. Mama peke yake ndiye aliyegeuka, akamsalimu kwa kichwa, kama mtu anayesalimu mgeni.

Mbwa alitufuata hadi kwenye mto. Hapo akasimama. Nilimpigia mluzi. Alinitazama, mkia chini, halafu akatazama nyuma, kule alikokula vizuri miezi yote ile. Nikamwita tena. Nikamwita kwa sauti ambayo nadhani ilisikika Burundi. Aligeuka, akaanza kukimbia kurudi kwa Yaya, tumbo lake lililonyolewa bado linaonekana, na kovu la mshono wa daktari katikati yake kama njia ya mchwa.

Nilitaka kutupa baiskeli nimfuate. Watoto walikuwa wameshaanza kulia.

"Muache," Mama akasema mgongoni mwangu. "Yeye hakudanganywa. Sukuma."

Nikasukuma.